JIBU: Protini kufa baada ya kuwekewa iodini, kosa ni la iodini kweli?

Mkuu, umesema kingamwili yako haishiki tena kile inacholenga baada ya kuiwekea iodini-125 (iodini yenye mionzi, ya kuifuatilia protini) kwa kloramini-T, kemikali inayoifanya iodini ijishikize kwenye protini, ukauliza kama huo ndio ushahidi kwamba iodini inaua protini. Kazi hiyo nimeifanya miaka kadhaa kwenye maabara ya homoni, na nakwambia usiibebeshe iodini lawama zote.

Ni kweli iodini ina madhara yake. Inakaa kwenye pete ya tairosini (mojawapo ya asidi amino, matofali yanayojenga protini), jirani kabisa na kikundi cha OH, na atomu yenyewe ni kubwa. Halafu inaigeuza tabia ile OH: tairosini ya kawaida huachia protoni (na kubaki na chaji hasi) kwenye pH ya kama 10, ikipata iodini moja pH hiyo inashuka hadi karibu 8, zikiwa mbili hadi 6 na kitu. Kwa hiyo kwenye pH 7.4, ya damu, tairosini nyingi zenye iodini mbili zina chaji hasi, isiyo na iodini haina. Jambo hilo likitokea sehemu ya kushikia, umeumia, na kingamwili zina tairosini nyingi sana hapo. Likitokea pembeni, protini haina habari. Insulini ina tairosini 4: iodini moja ikikaa kwenye tairosini ya A14 (nafasi ya 14 ya mnyororo A), insulini inashika kipokezi chake kwenye seli vizuri tu, ikikaa A19 nguvu inapungua.

Lakini kloramini-T nayo inaoksidisha, na haichagui. Methionini, asidi amino nyingine, zinabebeshwa oksijeni na kugeuka sulfoksidi wewe ukiwa unahesabu mionzi na kufurahi kwamba imeingia. Angalia homoni ya parathairoidi, kile kipande cha asidi amino 34 za mwanzo (1-34). Methionini zake za nafasi ya 8 na 18 zikioksidishwa, kazi inadorora. Watu wakaweka norleusini, inayofanana nayo ila haina salfa ya kuoksidishwa, mahali pa hizo mbili, wakatia tairosini nafasi ya 34, na kipande hicho kikapokea iodini kikabaki hai. Sasa hapo muuaji alikuwa nani?

Hata mwili wenyewe hauogopi iodini. Tezi ya shingo inaipachika kwenye tairosini za thairoglobulini kila siku kwa kutumia kimeng'enya cha peroksidasi, kisha inaunganisha tairosini hizo mbili mbili kupata T4, homoni ya tezi hiyo. Tofauti ni kwamba huko kuna kimeng'enya kinachosimamia, siyo wewe na pipeti.

Fanya hivi: rudia kila hatua bila kuweka iodidi (ile chumvi ya iodini unayoanzia). Kingamwili ikifa vilevile, punguza kloramini-T, ikate mapema kwa metabisulfiti (kemikali inayoizima), au hamia laktoperoksidasi, kimeng'enya kinachopachika iodini kwa upole zaidi. Mimi hii ya mwisho naipenda zaidi, ingawa iodini inayoingia huwa kidogo. Ikibaki hai, basi iodini ndiyo mshukiwa: shusha hadi wastani usiozidi atomu moja kwa molekuli, au tumia kitendanishi cha Bolton-Hunter, kinachobeba iodini hadi kwenye laisini (asidi amino nyingine) na kuziacha tairosini zako.

Na tafadhali, fanyia ndani ya kabati la kufyonza hewa chafu. Iodini huru inaruka, na ikiingia puani inakwenda moja kwa moja kwenye tezi yako.

Leta majibu ya hiyo ya bila iodidi tuyaone.