Jibu: Brewster ya Finland, ipakwe fedha au kijani na nyeusi?

Mambo mkuu. Nimekusoma, una boksi la modeli ya plastiki ya F2A-3, ndege ya kivita ya Brewster ya Marekani, unataka kuligeuza liwe Brewster ya Finland, na picha zinakuchanganya, moja fedha nyingine kijani na nyeusi.

Kabla ya rangi angalia pua kwanza. Wafini walinunua ndege 44 aina ya B-239, hiyo ilitokana na F2A-1, toleo la kwanza, pua fupi, wakati F2A-3 ilirefushwa mbele, kwa hiyo boksi lako ukiliacha hivyohivyo hata upake vizuri vipi bado sio yenyewe. Mimi ningetafuta boksi lingine tu, kukata plastiki hapo ni mateso. Ile ndoano ya mkiani ya kunasia ndege inapotua melini toa, Wafini walizipata bila hiyo, ila wao wenyewe baadaye waliongeza kiti chenye bamba la chuma.

Sasa rangi inategemea mwaka. Zilipofika 1940 zilikuwa fedha tupu. Kijani na mabaka meusi juu, tumbo rangi hafifu, hizo ni za vitani na Wasovieti, na hapo usisahau mkanda wa njano kwenye mwili na njano chini ya ncha za mabawa, iliwekwa kuanzia katikati ya 1941 ikafutwa Septemba 1944. Alama ni hakaristi (swastika ya Wafini) ya buluu kwenye duara jeupe (watu wataanza kelele za Hitler, waambie Finland iliitumia tangu 1918).

Tupia namba ya BW (namba ya ndege iliyoandikwa ubavuni) iliyo kwenye picha yako tuione.