Mume kaokoka, kanikatia rozari mbele ya mtoto

Mwanangu, barua yako nimeisoma yote. Wewe Mkatoliki, mumeo kaokoka mwaka jana, na juzi ulipokuwa unasali rozari na binti yenu, mumeo akaivuta mkononi mwako mpaka ikakatika, shanga zikatapakaa chini, mtoto akawa anaziokota huku analia. Mumeo anasema unaabudu mfu, wewe ukamjibu eti Yesu ana mambo mengi, Mama Maria anasikia haraka. Sasa unaniuliza nani yuko sahihi.

Kwanza hilo la rozari, hapana kabisa. Apinge sala yako mpaka kesho ni haki yake, lakini kumnyang'anya mtu kitu mkononi mbele ya mtoto ni ubabe tu, na umwambie hivyo hivyo, kwa utulivu, kabla hamjafungua Biblia.

Ila jibu lako nalo limeniuma, maana kanisa lako halifundishi hivyo hata kidogo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1964 ulisema wazi kwamba mpatanishi ni Kristo peke yake, na nafasi ya Maria haimpunguzii chochote. Huko nyuma kabisa, kwenye mtaguso wa Nisea mwaka 787, maaskofu walishatenganisha: kuabudu ni kwa Mungu tu, watakatifu wanapewa heshima. Hata Salamu Maria yenyewe, nusu ya kwanza ni malaika na Elizabeti kwenye Luka 1, halafu unamuomba akuombee, basi. Ukimwambia mumeo Yesu yuko bize unampa silaha, na hapo ana haki ya kushtuka.

Na hoja anayo jamani, usimuone mjinga. 1 Timotheo 2:5 ipo, inasema mpatanishi ni mmoja, Kristo Yesu, na Biblia yao haina mahali mtu anaagizwa aongee na mtakatifu aliyekufa. Walutheri waliandika hivyo kwenye ungamo lao la imani kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1530, kwamba watakatifu tuwakumbuke na tuige imani yao ila tusiwaite watusaidie. Wewe utamwambia mbona tunaombeana kila siku, hata yeye anamuomba mchungaji amuombee, naye atakujibu mchungaji yuko hai, hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipo: je, walioko mbinguni wanatusikia? Wakatoliki na Waorthodoksi wanasema ndiyo, wako hai ndani ya Kristo, wanakuonyesha Ufunuo 5:8, pale wazee mbinguni wameshika sala za watakatifu. Waprotestanti wengi wanasema hatujaambiwa. Hilo watu wamebishana miaka mia tano, nyie hamtalimaliza usiku mmoja kitandani. Mimi lakini siwezi kumuita mtu muabudu sanamu kwa sababu kasema niombee. Na yeye asifike mahali pa kumdharau Maria, Luther mwenyewe, aliyeanzisha Uprotestanti, mwaka 1521 alitoa kitabu kizima juu ya wimbo wa Maria na alimsifia sana.

Kinachonitia wasiwasi ni mtoto. Kama mlifunga ndoa ya Kikatoliki yeye akiwa wa dhehebu lingine basi uliahidi kufanya uwezavyo mtoto alelewe Kikatoliki, na yeye alijulishwa, kwa hiyo nenda kwa paroko ukumbushwe mlikubaliana nini. Kama wakati ule nyote mlikuwa Wakatoliki, kaeni upya mkubaliane. Mtoto asimsikie baba akisema mama anaabudu shetani, wala mama akisema walokole wamepotea. Baba Yetu mnaijua wote wawili, isalini naye pamoja jioni, rozari wewe sali kwa muda wako. Akiinyang'anya tena usinyamaze, waite wazee wa pande zote mbili.