Kumwombea mwenzako huku ukijiona hustahili: jibu kwa dada aliyeombwa na wifi yake

Bwana Yesu asifiwe, dada. Umeeleza kwamba wifi yako, ambaye figo zake zimeshindwa kazi na sasa anategemea mashine ya kusafisha damu, amekuomba wewe umwombee. Umeeleza pia kwamba ombi hilo limekukosesha usingizi, kwa sababu mliwahi kukosana vibaya, kwa sababu unajiona mtu wa imani haba, na kwa sababu mama mkwe wako anashikilia kwamba mgonjwa apelekwe kwa mtumishi mmoja wa mjini anayesifika kwa upako. Unauliza kama mtu wa namna yako ana haki ya kusimama mbele za Mungu kwa ajili ya mwingine. Nimekuwa katika kikundi cha waombezi cha usharika wetu wa Kilutheri kwa miaka mingi, na nakujibu kwa moyo wote: mwombee. Huko kujiona hustahili, ambako wewe unakuona kizuizi, ndiko mahali ambapo waombezi wakubwa wa Biblia walisimama walipoomba.

Fungua Luka 7 usome habari za akida wa Kapernaumu, yaani ofisa wa jeshi la Kirumi, kisha uilinganishe na Mathayo 8. Mtumwa wake alikuwa mgonjwa wa kufa, naye akawatuma wazee wa Wayahudi kwa Yesu. Sikiliza hoja waliyoipeleka wazee hao: "Amestahili huyu umtendee neno hili", kwa kuwa analipenda taifa letu na ametujengea sinagogi. Walimwombea kama watu wanaompeleka mtu kwenye usaili wa kazi, vyeti mkononi. Yesu akaenda nao, lakini alipokuwa hayuko mbali na nyumba, akida akatuma rafiki zake na ujumbe uliopingana na ule wa kwanza: "mimi sistahili wewe uingie chini ya dari yangu", sema neno tu na mtumwa wangu atapona. Wazee walimwona mtu anayestahili, na mwenyewe alijua kwamba hastahili, na Yesu, ambaye katika habari hiyo hasemi lolote kuhusu sinagogi, alistaajabia ujumbe wa pili akasema kwamba hata katika Israeli hajaona imani kubwa namna hiyo. Ndugu zetu Wakatoliki huyachukua maneno ya akida huyu katika kila Misa kabla ya komunyo, "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu, lakini sema neno tu, na roho yangu itapona", na mimi nikiwa Mlutheri naona ni utajiri mkubwa kwa Mkristo kuyasema maneno hayo mara kwa mara maishani mwake.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa ulitafakari. Katika Injili ya Mathayo watu ambao Yesu anawaambia kwamba imani yao ni kubwa ni wawili tu: akida huyu, na yule mwanamke Mkananayo wa sura ya 15. Wote wawili si Wayahudi. Wote wawili hawaji na shida ya miili yao, bali wanamwombea mwingine ambaye hayupo pale, mmoja mtumwa wake na mwingine binti yake, na wote wawili hawadai kwamba wanastahili. Mwanamke yule aliambiwa neno zito kuhusu chakula cha watoto na mbwa, akakubali, akasema kwamba hata mbwa hula makombo yaangukayo mezani pa bwana zao. Angalia pia alivyoanza: "Unirehemu, Bwana", na baadaye "Bwana, unisaidie". Anayeteseka ni binti, lakini mama anaomba rehema kwa ajili yake yeye mwenyewe, kwa sababu mateso ya mtoto yameshakuwa yake. Ndivyo watu wa maombi wanavyomaanisha wanaposema kwamba wanaubeba mzigo wa mtu.

Najua andiko linalokusumbua, kwa sababu wengi hulitaja: Yakobo 5:16, kwamba kuomba kwake mwenye haki kwafaa sana. Mtu akilisoma peke yake huanza kumtafuta huyo mwenye haki, na bila shaka hatajitafuta yeye mwenyewe. Lakini mstari unaofuata unamtaja Eliya, na kitu cha kwanza Yakobo anachosema kumhusu ni kwamba alikuwa mwanadamu mwenye tabia moja na sisi. Na mstari wenyewe unaanza kwa kusema, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Kwa hiyo ile hali ya kukosana na wifi yako haikuondoi katika maombi, bali inakuonyesha pa kuanzia. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Bukoba, aliokoka katika ule uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Uganda hadi kwetu, na mpaka uzee wake alikuwa akisalimia kwa "Tukutendereza Yesu", yaani "Tunakusifu Yesu" kwa Kiganda. Watu wale walikuwa na desturi ambayo siku hizi naiona kwa nadra: hawakupiga magoti kumwombea mtu waliyekuwa na neno naye kabla ya kwenda kwake na kulisema. Nenda kwa wifi yako. Usipeleke hotuba wala usianze kuchambua nani alianza. Mwambie lile unalojua ni lako, umwombe akusamehe, kisha muombe pamoja.

Ukifika hapo, muulize anataka umwombee nini. Nasisitiza jambo hili kwa sababu waombezi wengi tunalipita haraka. Wakati fulani kikundi chetu kilikwenda wodini kumwona mama mmoja aliyevunjika nyonga, na baadhi yetu tulikuwa tumeshasimama kuzunguka kitanda tayari kuukemea ugonjwa. Mzee wa kanisa wa kwetu, mama mtu mzima, alivuta stuli akakaa, akamfunika mgonjwa miguu kwa kitenge kilichokuwa kimeteleza, akamuuliza kwa sauti ya kawaida, "Mama, tukuombee nini?" Yule mama akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba mguu madaktari wanaushughulikia, ila mwanawe wa mwisho, anayeendesha bodaboda, hasemi na baba yake tangu shamba liuzwe, na hilo ndilo linalomliza usiku. Tukaomba hilo. Kama mzee wetu asingetufundisha subira, tungeondoka tumeombea jambo tulilochagua sisi, na mzigo wake tungeuacha pale pale kitandani.

Unyenyekevu wa mwombezi una upande mwingine, nao ni ulimi. Jumuiya zetu zina uzuri wake, lakini ombi likitolewa kwenye ibada ya nyumbani alfajiri, kufikia jioni mtaa mzima unaweza kujua majibu ya vipimo vya mtu. Aliyekuombea siri zako mbele ya watu bila idhini yako amekuvua nguo, hata kama aliomba kwa machozi. Wewe muulize wifi yako ni nani ajue na ajue kiasi gani, na ukilileta jina lake kwenye jumuiya, jina linatosha. Mungu ana maelezo mengine yote.

Kuhusu imani haba, Yesu alizungumza habari ya imani ndogo kama punje ya haradali, na Paulo anakiri katika Warumi 8:26 kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, lakini Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Omba kwa maneno machache unayoyaamini. Na isije ikatokea mtu akamwambia wifi yako kwamba haponi kwa sababu yeye hana imani, au wewe huna. Paulo, ambaye kwa mikono yake wagonjwa waliponywa, anaandika katika 2 Timotheo 4:20 kwamba alimwacha mwenzake Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa. Hatoi lawama kwa Trofimo wala kwake mwenyewe. Katika Marko 2 aliyepooza hakuulizwa kama ana imani ya kutosha. Imeandikwa kwamba Yesu aliiona imani yao, na humo wamo wale waliombeba na kutoboa dari. Mgonjwa aliyechoka anaruhusiwa kubebwa na imani ya wenzake.

Sasa habari ya mama mkwe. Usishindane naye, kwa maana ni mzazi anayemwogopea mtoto wake, na kuombewa na mtumishi mwingine si dhambi. Kubali kuwasindikiza, lakini kaeni kwanza na mume wako mkubaliane mambo ambayo hayatajadiliwa huko: siku ya mashine hairukwi kwa sababu ya mkesha wala mfungo, mgonjwa hafungi kula wala haachi dawa bila daktari wake kujua, na hakuna fedha itakayotolewa kama bei ya maombi. Mtumishi akisema kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani, mshukuruni kwa heshima, mchukueni mgonjwa wenu mwondoke. Mama mkwe akikasirika, mwombeni mchungaji wenu aje nyumbani na mafuta kama Yakobo 5:14 inavyoagiza, tena mama mkwe mwenyewe awepo na apewe nafasi ya kumwombea binti yake kwa sauti.