Taja toleo kabla mchoro haujatoka kwenda kwa fundi

Pleti nane za mm 6 zilikuwa tayari zimekatwa, zimepigwa grenda na kuegemezwa ukutani. Nikaweka beringi juu ya pleti ya kwanza, matundu hayakukutana. Beringi, yaani kile kishikio cha shafti inayozunguka, ilikuwa ya aina ya UCP 206, ambayo umbali kati ya boliti zake mbili ni mm 121. Matundu ya pleti yalikuwa na umbali wa mm 105, yaani ya UCP 205, beringi tuliyoachana nayo wiki mbili nyuma baada ya shafti ya mm 25 kupinda tukijaribu mashine ya kupukuchua mahindi. Mchoro kwenye kompyuta ulikuwa sahihi kabisa. Faili nililompa fundi kwenye flashi ndilo lilikuwa la zamani, na nilikuwa nimeliita "pleti_mwisho_2".

Nachora kwa Onshape, programu ya kuchora sehemu za mashine, kwa sababu inafanya kazi ndani ya kivinjari na laptopu yangu haina nguvu ya kubeba programu kubwa. (Akaunti yake ya bure inaacha michoro yako wazi kwa umma, kwa hiyo kazi ya siri ya mteja usiiweke humo.) Programu hii inaandika kila badiliko lenyewe, bila wewe kubonyeza kuhifadhi. Ukigusa kipimo kimoja, mstari mmoja unaongezeka kwenye historia, pamoja na jina la aliyegusa na saa. Nilidhani hiyo inatosha. Siku ile ya pleti nikafungua historia na kukuta mistari zaidi ya mia nne, karibu yote ikisema tu kwamba skechi fulani (mchoro bapa unaozaa umbo) imehaririwa. Nilichotaka kujua ni kitu kimoja: tulihama lini kutoka 105 kwenda 121, na faili la flashini lilitoka kabla au baada ya hapo. Ilinichukua mchana mzima.

Tangu hapo natofautisha historia na toleo. Historia inajiandika. Toleo unalitengeneza wewe: unasimama, unalipa jina, unaeleza sababu, na kuanzia hapo halihaririki tena na mtu yeyote. Naomba uitendee haki ile nafasi ya maelezo. Usiandike "marekebisho" ukaishia hapo. Mimi sasa naandika hivi, nikianza na herufi ya toleo: "C. Shafti 30 badala ya 25, ilipinda kwa mahindi mabichi. Beringi 206, matundu 121." Baada ya miezi sita, kipimo utakisoma kwenye mchoro, lakini sababu hutaiona popote isipokuwa hapo.

Nimeona vijana wakichanganya kitu kingine. Kwenye orodha ya hatua za kuunda umbo kuna ule mstari unaoweza kuuburuta juu ukaona umbo lilivyokuwa kabla ya tundu au kabla ya kukunjwa. Ile si historia ya faili. Inakuonyesha hatua za umbo kwa vipimo vya leo. Ukiburuta mpaka kwenye skechi ya kwanza, bado utakuta 121, kwa sababu ndicho kipimo kilichomo sasa. Kipimo cha wiki iliyopita kiko kwenye historia.

Ukishaipata sehemu unayoitaka, usikimbilie kurejesha. Bonyeza kwanza mstari wa historia uangalie tu. Hapo huharibu kitu, na ukimaliza unarudi kwenye kazi ya sasa. Kurejesha kunarudisha hati nzima: sehemu zote, mkusanyiko (sehemu zikiwa zimeunganishwa kuwa mashine), na michoro ya karatasi. Mimi nilitaka pleti moja tu irudi, nikajikuta na hopa (sehemu ya kumwagia mahindi) ya wiki mbili zilizopita. Bahati nzuri kurejesha nako kunaandikwa kama badiliko jipya, kwa hiyo hakuna kilichofutika. Ila kama una wasiwasi, anzisha tawi, yaani nakala ya pembeni ya kujaribia, kutoka kwenye toleo la zamani, jaribu humo, kisha ulinganishe matoleo mawili ubavu kwa ubavu kabla ya kuliunganisha tawi na kazi kuu.

Wanaotumia AutoCAD, programu nyingine ya kuchora, wana kinga ndogo zaidi: faili la .bak linalokaa jirani na mchoro. Libadilishe mwisho wa jina liwe .dwg, litafunguka. Lakini hilo ni hifadhi ya mara moja nyuma tu. Ukihifadhi mara mbili baada ya kosa, limekwenda.

Sasa turudi karakanani, maana kosa langu lilitokea njiani kati ya kompyuta na plasma, mashine ya kukatia chuma. Kwanza, sitoi faili la kukatia kutoka kwenye kazi inayoendelea. Natengeneza toleo, nalifungua lenyewe, natoa DXF (faili la mistari ya kukatia) humo, na jina la faili linabeba herufi ya toleo: "pleti_C". Karatasi nayo ina herufi hiyohiyo kwenye kisanduku cha kona, na kabla ya kuichapa nabonyeza kitufe cha kusasisha, kwa kuwa mchoro wa karatasi haujisasishi wenyewe.

Pili, naichora alama kwenye pleti yenyewe. Toleo A lina mkato mmoja mdogo ukingoni, B miwili, C mitatu. Plasma inaukata pamoja na umbo, haichukui hata dakika. Karatasi inalowa mafuta au inapeperuka, lakini fundi akiokota pleti sakafuni anapitisha kidole gumba ukingoni, anahesabu, halafu ananiuliza, "Hii ni ya mitatu, bado tunatumia mitatu?"