Vipepeo wanaruka kabla hujawaona vizuri

Umeuliza kwa nini vipepeo wanakukimbia kila ukiinamia maua ya mwituni mwishoni mwa majira ya kuchipua. Mara nyingi ni kivuli chako: kikiwapitia tu, wanaruka. Simama jua likiwa mbele yako au ubavuni, sogea polepole, tena uende asubuhi, kabla miili yao haijapata joto la kutosha kuruka. Ukitumia darubini, chagua inayoona vizuri kitu kilicho umbali wa mita 2.

Ukitaka kulitambua ua, usilichume, tafadhali. Lipige picha kwa mbele na kwa chini, kisha majani na shina. Petali peke yake hazitoshi, maana maua mengi ya njano yanafanana mno. Ndege akikulilia kwa wasiwasi, rudi nyuma mara moja: huenda kiota kiko karibu.