Kurudi melini wakati corona haijaisha

Shikamoo mzee. Umeuliza kama wewe na mama, mmevuka miaka 70 na yeye ana kisukari, mpande tena meli ya utalii ilhali corona bado ipo. Kwa maoni yangu, subirini kwanza. Kama roho haitulii, basi msiondoke bila chanjo kamili pamoja na ya nyongeza.

Mnakumbuka meli ya utalii Diamond Princess? Februari 2020 iliwekwa karantini Yokohama, Japani, na kati ya watu wapatao 3,700 waliokuwemo, zaidi ya 700 waliambukizwa. Karibu nusu yao hawakuwa na dalili yoyote walipopimwa, kwa hiyo kumwangalia mwenzako mezani na kumwona mzima hakutoshi.

Kinachonitia hofu zaidi ni umbali na hospitali. Zahanati ya melini ina vitanda vichache. Mtu akizidiwa usiku katikati ya bahari, ni kusubiri bandari au helikopta, na gharama yake inaweza kuwafilisi. Someni bima neno kwa neno: je, inalipia corona, na kusafirishwa kwa mgonjwa? Ulizeni pia, mmoja akitengwa, mwingine atalala wapi?

Mkiamua kwenda, chagueni safari fupi na chumba chenye roshani. Dawa za mama ziwe za wiki mbili za ziada, kwenye mkoba wa mkononi, na daktari wake amwone kabla hamjalipa hata malipo ya awali.