Jibu: Mama akandwe nyumbani au aende fiziotherapia?

Dadangu, umeuliza kama mamako, anayeshikwa na mgongo akishuka tuktuk, aendelee kukandwa mafuta au aende fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi. Kukandwa kunatuliza, sikatai. Lakini fizio mzuri, mtaalamu wa tiba hiyo, hakimbilii kukanda. Humwambia ainame, ageuke, ainuke kitini, huku akipapasa pingili za uti wa mgongo moja moja, akitafuta palipokaza. Ndipo amnyooshe kwa mikono, kisha ampe mazoezi yanayomfaa yeye. Akipewa karatasi ileile ya kila mtu, tafuteni mwengine. Hospitali ya Coast General, Mombasa, wana kitengo cha fiziotherapia. Kwa kliniki za binafsi, ulizeni leseni ya fizio, sheria ya Kenya ya 2014 inaitaka. Ila akifa ganzi sehemu za siri au mkojo ukimponyoka, msimkande: hospitali usiku huohuo.